Nakala ya Tatu

Łódź, mwezi wa Novemba, giza limeingia saa kumi alasiri,
mji wenye jina la mashua
na mito yote imezikwa mabombani chini ya lami.
Ghorofa ya tatu, kiwanda kilichokuwa cha nguo,
ninawasha programu ileile mara tatu
ndani ya kompyuta moja:
moja ya kliniki ya meno ya Zgierz,
moja ya kliniki ya Pabianice,
moja isiyo ya mtu, ya kujaribia.

Fahali wawili hawakai zizi moja, walisema wahenga.
Ziemowit hakuwahi kuambiwa.
Zote tatu alizipeleka mlango 8080
akashuka kuvuta sigara.
Ya kwanza iliingia, ikaketi.
Ya pili ikagonga: mlango umekaliwa.
Ya tatu haikugonga hata. Ilikufa kimya
kama mgeni aliyesikia ugomvi akiwa ngazini.

Nikagawa.
Zgierz 8081. Pabianice 8082.
Ya kujaribia nikaiachia 8080
maana Ziemowit hajui kuandika namba nyingine.
Kila moja na folda yake, nywila yake,
daftari lake la kuandikia makosa.
Wiki nzima zililala chumba kimoja
bila kuombana hata chumvi.

Kumbe mstari mmoja niliusahau.
Mmoja, ndani ya faili la mipangilio:
Zgierz na ile ya kujaribia
zilikuwa zinakula sahani moja.
Nilipofuta huku, kulipungua kule.

Jumanne mzee Chwalibóg alifika Zgierz,
shavu la kulia limeumuka kama unga wenye hamira,
akaambiwa hayumo.
"Nimo," alisema,
akalisogeza shavu karibu na dirisha la mapokezi.
Nimesoma kumbukumbu zote za seva usiku ule.
Sikuona hoja ya kulishinda lile shavu.

Bibi yangu Genowefa alifanya kazi ukumbi huuhuu.
Mitambo kumi ya kufuma, peke yake,
kelele kiasi kwamba wanawake walisemezana kwa midomo tu
na mpaka uzeeni aliongea hivyo, taratibu,
midomo wazi, kama anayemfundisha mtoto.
Alisema uzi mmoja ukikatika katika mtambo wa saba
aliusikia akiwa wa pili, mgongo umegeuka.
Mimi nina mitatu,
na kimya, na feni ndogo inayopuliza,
na sikusikia kitu kikikatika.

Nimeurekebisha ule mstari. Sahani tatu sasa.

Mgonjwa wa kwanza katika ile ya kujaribia
huwa ni yeye. Niliandika jina lililokuja mkononi:
Genowefa, simu sifuri tisa.
Kila usiku jaribio humfuta,
kila alfajiri humzaa upya
na meno yake yote thelathini na mawili,
yeye aliyezikwa bila hata moja.

Nimeifunga Zgierz. Nimeifunga Pabianice.
Nimevaa koti, nimezima taa,
tramu ya mwisho inakaribia
na nitasema nilisahau.

Asubuhi Ziemowit atakuja, kahawa mkononi,
atagonga 8080,
ataambiwa mlango umekaliwa.