Nukta

Kabla ya kuitazama naiangusha,
mara moja, juu ya kaunta ya mbao,
nisikilize.
Shaba ya kale haina makelele.
Hutoa sauti ya mtu aliyeitwa
akaitika bila kugeuka.

Mimi ni fundi saa, hapa Wete.
Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu,
basi huletewa vipande: pesa za mizani, rupia zilizotobolewa,
na vile vidogo vya Mtambwe, vyepesi kama magamba ya samaki,
vinavyookotwa bamvua likitoka.
Nina kopo la maziwa ya unga la zilizo za kweli.
La zisizo ni debe.

"Usiisugue kwa ukwaju," nawaambia,
nao wameshaisugua.
Inakuja inang'aa, bibi harusi,
na miaka yake yote imemwagwa na maji ya beseni.

Hizi za kwetu zina vina.
Upande huu jina la mfalme,
upande wa pili Mola anayemtegemea;
geuza, na mwisho wa kule unaitika mwisho wa huku.
Aliyeziandika alikuwa na sikio.
Mghushi ana macho tu:
huiga uso wa hii na mgongo wa ile,
ubeti ukamvunjikia mkononi.

Jumatatu alikuja Time Shaame wa Ukunjwi
na binti yake wa miaka mitano.
Akamvua uzi mweusi shingoni.
"Ya marehemu mama. Nilivishwa mimi, kisha huyu.
Nataka kuezeka, fundi. Itatoa bati ngapi?"

Niliiangusha. Ililia kupita kiasi, kidogo.
Mizani ikazidi.
Ukingoni, mshono wa kalibu, umelika nusu.
Nikaweka lenzi jichoni,
na juu ya nuni ya mwisho
nukta.

Wale wa kale hawakutia nukta.
Nilitia mimi.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mfupa wa dome, na msumari,
na vina nilivipata sawasawa, nikajisifu.
Lakini chuoni nilichapwa kwa kusahau nukta
na mkono haukusahau bakora.
Saba nilizizika zizini mwa mbuzi mwezi mzima.
Sita walichukua wageni.
Ya saba, mwanamke wa Ukunjwi
aliyetaka kitu cha kale cha kumvisha mwanawe mgonjwa.
Nilimpunguzia bei. Nikajiona mwema.

Na mgonjwa ndiye huyu, amesimama, anataka bati.

Nikaigeuza tena.
Mitaro ya msumari wangu haipo.
Shingo mbili zimeila.
Kutu yangu ya mkojo wa mbuzi imetoka,
imeingia ya jasho na mafuta ya nazi,
na hiyo huwezi kuizika mahali ukaipata.

"Ni ya kweli?"
"Ya miaka thelathini na sita."
Akacheka; alidhani nimeruka mamia.
"Thelathini na sita," nikarudia. "Na aliyeifanya namjua."
Hakuuliza nani.
Aliuliza bati ngapi.

Nikahesabu kwa vidole, chini ya kaunta,
mkono usionekane.
Kumi na nne, nikasema. Na misumari yake.
Mtoto alikuwa anajipapasa kifuani,
pale penye kiduara cheupe
kisicho na maandishi.