Siku ya Tisa

Meza yangu iko ng'ambo ya mahakama, mjini Moshi,
chini ya bati linalolia jua likipanda.
Napiga chapa viapo, ukurasa mia tano.
Ushauri ni bure, ila siutoi kwa sauti:
mimi si wakili.

Mama Ndeanasia ameshuka kutoka Kirua,
nakala ya hukumu ndani ya mfuko wa sukari.
Kihamba cha marehemu mumewe kapewa shemeji.
Siku arobaini na tano za kukata rufaa
zimempita, na kumi na moja juu yake.

"Mama, haki yako hawataiangalia leo.
Leo wataangalia mlango ulioingilia.
Kwanza uombe kuongezewa muda:
hati ya maombi, kifungu kisikosewe hata herufi,
kiapo nyuma yake, aya zenye namba,
na kila siku uliyochelewa uitolee hesabu.
Kila siku. Ikibaki moja haina sababu,
wakili wao atasimama na pingamizi
kabla hujafungua kinywa."

Nilitegemea alie. Wengi hulia hapo,
au hunitukana, kana kwamba sheria nimeitunga mimi
kwa kompyuta hii iliyong'oka kibonye cha N.
Yeye alikaza kanga.
"Hata kwetu, ukija kuomba radhi mikono mitupu,
bila jani la isale, nani atakufungulia?
Andika."

Ya kwanza: nakala haijagongwa muhuri.
Ya pili: mtandao wa mahakama umegoma, karani shahidi.
Ya tatu, ya nne: mvua, njia imekatika.
Ya tano: Jumapili.
("Na Jumapili tuiandike?" "Tuiandike.")
Ya sita: mjukuu kalazwa Mawenzi,
cheti kimeambatishwa, alama A.
Ya saba: bado yuko wodini.
Ya nane: kuuza kahawa, kutafuta ada.

Ya tisa.
Vidole vyangu vikangoja.

"Ya tisa nilikaa."
"Ulikuwa unaumwa?"
"Hapana."
"Mvua?"
"Kulikuwa kweupe. Nilikaa tu
kwenye mgomba alioupanda marehemu,
nikaliangalia jua likitoka huku, likienda huku."

Ningeweza. Neno moja: homa.
Herufi nne, na hakuna jaji
awezaye kumpima mtu joto la mwezi uliopita.
Nimewaandikia wengine, Mungu anisamehe,
mafua, misiba, hata mjomba mmoja
aliyefariki mara mbili kwenye shauri lile lile.
"Tuseme homa, mama?"

Akaniangalia kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika.
"Mwanangu, hapo juu ya ukurasa
umeandika neno gani?"

Kiapo.

"Haya."

Nikaandika, aya ya kumi na mbili:
*Kwamba siku ya tisa mwapaji alikaa chini ya mgomba.*
Ya kumi na ya kumi na moja zikafuata zenyewe.
Nikaacha pambizo, nikaacha mahali pa sahihi,
mahali pa tarehe, mahali pa kamishna wa viapo,
maana bila hapo yote haya ni barua tu
ya mjane kwa mtu asiyemjua.

Akavuka barabara, karatasi kazikumbatia
zisikunjike pembe.

Sijui jaji atasema nini juu ya mgomba.
Jioni nimepekua kitabu changu chenye mafuta ya maandazi:
kifungu chake sikukiona.
Huwa nafuta kazi za watu kila Ijumaa, nafasi ni ndogo.
Hii bado ipo.