Viungio vya Reli

Kutoka Črnomerec hadi Dubec
nimevihesabu viungio vya reli,
si kwa macho. Kwa mahali pale
ambapo mama hakunifundisha jina lake,
alisema tu: osha, futa, nyamaza.

Tramu ya buluu, kiti kigumu,
na kila chuma kinaporuka chuma
kigae cha chupa hugeuka ndani yangu.
Ndivyo nilivyomwambia daktari: chupa.
Sikusema wapi. Nilionyesha nyuma, juu juu,
kama abiria asiyejua jina la kituo chake.

"Mpasuko," akasema Daktari Prpić, akivua glavu.
"Hauzidi punje ya shayiri. Una muda gani?"
Miezi tisa.
Miezi tisa, ningekuwa nimeshajifungua!
Mficha uchi hazai, wanasema;
mimi nilikwisha zaa, nikaendelea kuficha.

Akakunja ngumi mbele ya uso wangu.
"Msuli wako uko hivi, mchana na usiku.
Unaogopa, unabana. Ukibana, damu haifiki.
Damu isipofika, kidonda kinaponea wapi?"
Ngumi ile nilitoka nayo hadi barabarani.

Marhamu aliyoniandikia
ni ndugu wa kidonge alichoweka baba chini ya ulimi
kifua kilipombana.
Mara mbili kwa siku nikapaka dawa ya moyo
mahali pasipo na moyo,
kisha kichwa kikagonga dakika ishirini,
nami nimeegemea vigae vya bafuni, nikimkumbuka baba.

Jumapili, kwa wifi yangu Štefica, nilikula nimesimama.
Mgongo, nikasema.
Mgongo ni ugonjwa wenye heshima,
unaketi mezani na wageni.
Nilikula kidogo, kidogo zaidi,
maana kinachoingia kina siku yake ya kutoka,
na siku hiyo nilishika ukuta kwa mikono miwili
nikauma taulo, mwanangu Tin asisikie.

Sasa Zvonimir.
Miaka yote hunywa kahawa wima kwenye dirisha la karakana,
nami nilidhani anaringa.
Januari, theluji ikiwa imefunika swichi za reli,
nilikuta kitini mwangu mto wa duara, wazi katikati.
Yeye alikuwa akisoma ratiba.
"Miezi kumi na minne," akaiambia ratiba.
"Beseni, Dubravka. Maji yasiunguze kiwiko."
Kisha akaanza kulalamikia chumvi barabarani.

Beseni lilikuwepo: la waridi, lenye bata,
alimoogeshewa Tin.
Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, magoti hewani,
redio ikisoma vina vya mito,
Sava imepanda, Kupa imeshuka, Drava haikubadilika,
na maji ya uvuguvugu yakiikunjua ngumi
kidole kimoja kimoja.

Mbegu za kitani. Plamu kavu. Maji, maji tena,
hadi nikaanza kuogopa taa nyekundu kwa sababu nyingine.

Wiki ya sita, nilipokwisha kutangaza ushindi moyoni,
tone moja kwenye karatasi. Jekundu, dogo, la kiburi.
Nililia kama niliyeibiwa.
Štefica alipopiga simu nikamwambia. Yote. Jina na mahali.
Kimya, halafu:
"Mimi baada ya kumzaa Jurica. Miaka miwili."
Miaka miwili, na mezani tulikuwa tukipitishiana chumvi.

Leo, Mei, karibu na Maksimir
amepanda mzee na miche ya nyanya ndani ya boksi la viatu,
ananiomba nisifunge breki kwa nguvu.
Nikiondoa tramu polepole ndipo nilipokumbuka:
asubuhi nilikwenda haja
nikisoma maandishi nyuma ya chupa ya shampuu,
nikanawa, nikatoka,
na ukuta sikuushika.

Kiungio kimepita. Kingine.
Nimepoteza hesabu tangu uwanja wa soko.
Mto bado uko kitini; siutoi,
Mei ina tabia ya kudanganya.
Lakini nimeukalia kama mtu anavyokalia mto.