Folio ya Saba

Mimi ni wa masijala. Nasoma kwa vidole kabla ya macho:
jalada jipya lina ukingo mkali,
jalada la ugomvi ni laini kama noti iliyokwisha zunguka sokoni.
La Somoe Nandonde nalijua gizani.

Folio ya kwanza, barua ya ajira. Fundi sanifu, maji, Newala.
Picha ndogo, ushungi umekazwa,
jicho moja limefinywa na mwanga wa studio.
Ya pili, cheti. Ya tatu, ameripoti.
Ya nne, amethibitishwa kazini.
Hadi hapo ni jalada la mtu yeyote.

Ya tano, aliomba kusimamia zamu ya pampu bondeni.
Miaka tisa ameifungua na kuifunga;
kwa mlio tu anajua beringi ipi inakaribia kufa.
Ya sita, mstari mmoja:
"Mazingira ya kazi hiyo hayamfai mwanamke."

Nilicheka peke yangu, kicheko cha puani.
Huku juu kwetu maji yana jinsia.
Kuyaamkia saa tisa usiku, kuyapangia foleni,
kuyakopa, kuyagombea,
kuyabeba hadi shingo izame mabegani: mwanamke.
Kuyapandisha mlima kwa kubonyeza swichi,
hapo ndipo kazi ikawa nzito.

Ya saba aliileta mwenyewe, mkono kwa mkono.
Kurasa mbili, zimechapwa stendi, wino umefifia pembeni.
Hakutukana. Aliweka tarehe.
Nani alipewa zamu ile akiwa na mwaka mmoja kazini.
Nani alimwambia, mlango umerudishwa,
"Njia zipo, Somoe, ila wewe hutaki kupita."
Nikagonga muhuri: IMEPOKELEWA.

Tangu hapo jalada likaanza kunenepa.
Ya nane: jieleze kwa nini ulichelewa
(siku ambayo gari lilimwacha getini akilipungia).
Ya tisa: posho imesitishwa hadi itakapoamuliwa vinginevyo.
Ya kumi: jieleze kwa nini maelezo yako hayana staha.
Ya kumi na moja: uhamisho, Mangaka, kwa manufaa ya umma.
Mama yake, aliyepooza upande,
hakuhesabiwa katika umma huo.

Hakuna aliyeinua mkono. Hakuna aliyepaza sauti.
Kila karatasi ina kumbukumbu namba,
kila karatasi inamtakia utekelezaji mwema.

Jana, ukungu bado umekalia uwanja,
Bwana Malibiche aliingia, akafunga mlango,
akaniuliza hali za watoto, mmoja mmoja, kwa majina.
Kisha: "Asumini, ile ya saba itoe.
Wakaguzi wanakuja wiki ijayo, hatutaki jalada lenye kelele.
Namba utazipanga upya."

Niliitoa. Sitajisifu.
Nina mkopo, nina mtoto kidato cha tatu Masasi.
Nililegeza uzi wa kijani, nikachomoa,
nikampa, akaikunja mara nne kama risiti ya nyama.

Lakini namba sikuzipanga upya.
Sita, halafu nane. Pengo la jino la mbele.
Na kwenye daftari la mienendo, kwa wino, nikaandika:
Folio 7, kurasa mbili, imetolewa saa nne na robo,
kwa agizo la mdomo la,
nikajaza jina lake, la babake, la babu yake.

Mchana Somoe alipita kuaga,
spana bado imo kwenye mkoba wa harusini.
"Barua yangu ipo?"
Nikamsogezea daftari, kidole juu ya mstari.
Akasoma. Hakusema asante.
Alitoa simu, akapiga picha, akarudia
kwa sababu ya kwanza mkono wake ulitikisika.
Au wangu.

Leo Bwana Malibiche amenisalimu mara mbili.

Jalada langu mimi silitunzi mimi.
Limo kabatini mwake, sijawahi kulishika.
Lakini masikio ya masijala hayalali:
nalisikia, ukuta wa pili,
linafunguliwa uzi.