Kizibo

Maji yamesimama tangu juzi,
yamejivika utando kama maziwa yaliyosahauliwa mekoni,
na Eino, mume wangu, amepiga magoti kando ya hodhi la kuogea
kwa namna ambayo kanisani hajawahi.

Nje, hapa Duluth, ziwa limeganda hadi macho yanapokoma.
Meli za mawe ya chuma zimelala bandarini
na fundi bomba anataka dola mia na ishirini
kwa kugonga mlango tu.
"Mia na ishirini!" Eino anakiambia kizibo.
"Mimi niliyeunga mabehewa ya reli miaka thelathini na mmoja!"

Kizibo hakijibu.
Kimekaa kooni mwa bomba,
shaba iliyoota ukijani, kipana kama mfuniko wa chupa ya dawa.
Ukikibonyeza kinabonyea.
Kuinuka, hakitaki.

Amejaribu siki na magadi:
povu likapanda, likachemka, likarudi lilikotoka.
Amejaribu waya wa kutundikia koti.
Amejaribu koleo lililofungwa kitambaa ili lisikwaruze,
kisha koleo bila kitambaa,
kisha matusi ya Kifini aliyorithi kwa babake,
ambayo kwetu ni ya injini na barafu peke yake.

"Ni nywele zako, Sylvi," anasema bila kugeuka.

Huu ni mwaka wa kumi na moja anasema hivyo.

Zilikuwa zikifika kiunoni.
Kila usiku nilizisuka msuko mmoja, nikaufunga kwa uzi wa sufu,
mpaka baridi ya mwaka juzi, bomba lilipoziba tena,
akasimama jikoni, soksi zinachuruzika, akasema
nyumba hii itakuja kuzama kwa nywele.
Nilikuwa nakata kuku.
Mkasi ulikuwa mkononi.
Msuko uko ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda,
na bomba, baada ya wiki tatu, likaziba kama kawaida yake.
Hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Sasa namletea kahawa. Nasimama mlangoni,
naangalia kiwiko chake kinavyohangaika.

"Unazungushia wapi?"
"Kulia."
"Jaribu kushoto."

Kimya.
Dakika arobaini mtu mzima amekuwa akikikaza.

Kizibo kinalia kwii, mara moja, kisha kinakubali.
Eino anatumbukiza waya wenye ndoana, anavuta taratibu,
na kitu kinatoka, kinazidi kutoka,
kirefu kama soksi, cheusi, kinateleza, kinanuka kinamasi.
Anakilaza juu ya gazeti, chini ya taa.
Navaa miwani.

Hamna unywele mweupe.
Hamna unywele wowote uliopita urefu wa kidole.
Ni manyoya, mafupi, mekundu kama kutu,
yamesokotana kama mtu aliyeyakusudia,
na katikati yake mbigili wa porini, mzima na miiba yake.

Nappi, aliyekuwa amekaa kwenye zulia, anaacha kutikisa mkia.

"Jumanne," nasema.
Jumanne ndiyo siku yangu ya kwaya.

Eino anamtazama mbwa. Mbwa anamtazama Eino.
"Alikuwa ananuka samaki," anasema hatimaye.
"Kila Jumanne?"
"Ni mbwa anayependa samaki."

Nyuma yake maji yanashuka, yanazunguka,
bomba linacheua kama mgeni aliyeshiba asiyeona haya,
na hodhi linabaki na mstari wa kijivu ukutani mwake,
pale maji yalipokuwa yakitusubiri.

Nilikuwa na maneno. Miaka kumi na moja nimeyapanga,
makali mbele, makali zaidi nyuma.
Nafungua kinywa. Naona kifundo cha kidole chake kimechubuka,
naye anafuta kizibo kwa pindo la shati,
anafuta uzi mmoja mmoja wa parafujo, anarudia,
kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolisoma.

"Kirudishe," namwambia.
"Ila usikikaze sana."

Ni Machi sasa. Mkasi umebaki kazi ya kuku.
Mbwa anaogea gereji, kwenye pipa, akilalamika,
na nywele zangu zimefika masikioni.