Nyuzi Thelathini na Tisa

Kazi yangu kupima maji.
Saa kumi na mbili na nusu, giza la Januari bado zito,
nachovya kichupa, natikisa, nasoma rangi:
klorini sawa, joto nyuzi thelathini na tisa.
Kisha nafungua mlango, na wale watano wanaingia.

Hapa Aisilandi sheria ya bwawa haina mkubwa:
unavua zote, unaoga kwa sabuni mbele ya wenzio,
meneja wa benki na mpara samaki,
makovu nje, matumbo nje,
ndipo uruhusiwe majini.
Mficha uchi haogi.

Lakini miaka kumi na mmoja nimewasikia,
wamezama hadi shingoni, theluji ikiwatua utosini,
wakizungumza bei ya chewa,
barabara ya mlimani, goti la fulani.
Nguo wamevua. Mengine wameyavaa.

Jumanne ile Bergljót alisema, akiutazama mvuke:
"Leo Hlynur wangu anatimiza arobaini.
Hajanipigia simu tangu tumzike baba yake.
Siku zote nawaambia ana shughuli nyingi.
Hana shughuli. Nilimwambia neno."

Hakulitaja neno. Hakuna aliyeuliza.
Pampu ikanguruma, ikanyamaza.

Ndipo Ásvaldur, dereva mstaafu wa greda la theluji,
Ásvaldur wa mizaha,
akaanza polepole, kama anayerudisha gari kinyumenyume gizani:
"Usiku ule wa mtoto wa Steinvör,
wakati ambulensi ikingoja niwafungulie njia,
niligeuza pale darajani.
Nikaandika, njia haipitiki.
Sijui kama haikupitika.
Niliogopa."

Steinvör alikuwa papo hapo. Bega kwa bega naye.

Mimi nilijikuta nimeushika mti wa kuokolea,
sijui nilitaka kumwokoa nani.

Akateka maji kwa viganja, akanawa uso.
"Nilijua uligeuza," akasema.
"Asubuhi alama za magurudumu zilikuwa pale, duara zima.
Nilikuwa nangoja uniambie."

Wakakaa hadi vidole vikakunjamana.
Hakuna aliyemkumbatia mwenziwe, huku si desturi.
Ila Ásvaldur alipopanda ngazi yenye barafu
Steinvör alimwambia, "Shika hapa,"
akimtolea mkono bila kumtazama.

Bergljót akaomba simu ya ofisini.
Nikampa, nikaenda nje kumwaga chumvi njiani,
chumvi nyingi kuliko ilivyohitajika.

Niliporudi nikapima maji tena, nje ya zamu.
Nyuzi thelathini na tisa.
Nikatikisa kichupa. Nikapima tena.