Masikio ya Bure

Sisi saba, Jinja inatuita Masikio ya Bure:
bure kwa kuwa hatulipwi,
bure, wasema wengine, kwa kuwa hatufai.
Sijawahi kubishana nao.
Ijumaa saa kumi na moja nafika ukumbini,
ghala la zamani la pamba,
napangusa viti tulivyoazima kanisani,
mia na ishirini,
kimoja kimevunjika mguu.
Hicho nakikalia mwenyewe.

Naigaga, nesi mstaafu, husimama mlangoni,
humshika kila mgeni kifundo cha mkono
kama anayetafuta mapigo.
"Umewahi kuona opera?"
"Hapana."
"Umewahi kwenda msibani?"
"Mara nyingi."
"Basi ingia, nusu umeshaiona."

Mimi nimepewa safu ya nyuma,
safu ya Walukuba, watoto wa kota za kiwanda,
tuliokulia ua mmoja, Wapadhola, Wateso, Walugbara,
tukagombania bomba moja la maji
kwa Kiswahili kisichojali ngeli,
kile ambacho Kampala wanakiita lugha ya bunduki.
Jukwaani wanaimba Kisoga.
Nami nanong'ona gizani
kwa lugha hiyo hiyo ya bunduki
kumweleza mtu kwa nini fundi cherehani analia.

Usiku wa kwanza walicheka.
Takali alipandisha sauti,
ikaipita marimba ya embaire, ikalipita paa,
na Odoi wa bodaboda akapaza yake:
"Huyu kakanyaga msumari!"
Safu nzima hoi.
Sikumwambia nyamaza.
Anayecheka bado hajaondoka.
Nikamwinamia: "Leo kiwanda kimefungwa.
Miaka ishirini ameshona shuka zao,
wamempa bahasha na miche miwili ya sabuni."
"Sasa si aseme?
Mtu akifukuzwa kazi huimba?"

Mwalimu Balidawa, aliyeitunga,
alikwisha kutupa jibu la swali hilo,
jibu zuri, la kitabuni.
Likanitoka lote.
Nikauliza tu:
"Baba yako alipofukuzwa, alisema nini?"
Odoi akatazama viatu vyake.
"Hakusema. Miezi minane."
"Basi ndiyo hiyo miezi minane, unaisikia."

Usiku wa pili akarudi na maswali mapya:
mbona neno moja wanalirudia mara sita,
mbona mume anaimba naye vizuri hivyo
huku anafunga mzigo amwache,
na yule mpiga fidla, analipwa kiasi gani?
Nilijibu mawili.
La tatu hata mpiga fidla halijui.

Usiku wa tatu mvua ilitoka upande wa Masese,
umeme ukakatika katikati ya sehemu ya mwisho.
Marimba ikasita. Fidla ikasita.
Naigaga akawa anapapasa simu yake ipi ina taa.
Takali hakungoja.
Akaimba gizani, peke yake,
ule wimbo wa mashine inayouzwa,
na mabati juu yetu yakashika mshono:
mvua yenyewe ikawa cherehani.

Nami, kazi ni kazi, nikainama:
"Hapa anaiaga sindano, maana..."
Kiganja kikatua juu ya mkono wangu,
kizito, kina harufu ya petroli.
"Dada. Niache nisikie."

Nikaacha.
Miezi mitano nimekuwa masikio ya watu,
nikiukatakata wimbo ule vipande vya kumeza,
na sikuwa nimejua
kwamba mwishoni, kabla hajanyamaza,
anavuta pumzi moja ndogo
kama mtu anayetaka kuongeza neno
kisha anaona haya.

Tulipohesabu viti vilikuwa mia na kumi na tisa.
Katekista akanuna.
Odoi alikuwa amekifunga kile kibovu nyuma ya pikipiki
akapotea nacho mvuani,
asiseme lolote kwa mtu.

Kimerudi Ijumaa hii.
Mguu mpya ni wa mti mwingine, mweupe,
umezidi wenzake kwa unene wa kidole.
Kinayumba.
Nimekikalia hivyo hivyo,
na safu ya nyuma imejaa,
na mama mmoja mwenye kikapu cha samaki wakavu
ananigusa bega, anauliza:
"Huyo anapiga kelele za nini?"
Kabla sijafungua mdomo,
kutoka viti viwili mbele,
Odoi amegeuka.